Kipa wa Goli la Kusini

Mke wa Ulimbo alikuwa anashona namba moja kwenye jezi ya kipa pale mtu wa wizara alipoingia kibandani, akavuta kigoda, akasema jezi hiyo ipunguzwe mabega. Kipa wa akiba alikuwa mwembamba. Mama huyu alikuwa akishona jezi za timu ya taifa tangu nchi ipate bendera, na hakuhitaji kuelezwa. Aliuliza tu mumewe yuko wapi.

"Kozi, shemeji. Nje ya nchi."

"Kozi ya nini?"

"Ya kudaka."

"Ndiyo kaondoka bila viatu?"

"Huko wanatoa," akasema yule mtu, akamsifu kwa mshono mzuri na kuondoka.

Kosa la Ulimbo lilionwa na uwanja mzima. Kila sikukuu ya uhuru mawaziri hucheza na timu ya taifa, na mechi humalizika kwa penalti ya Mkuu wa nchi. Mkuu hupiga upande mmoja, kipa huruka upande wa pili, watu hushangilia, basi. Ulimbo aliijua desturi hiyo na mwaka uliotangulia aliifuata vizuri. Safari hii mpira ulikuja taratibu, unadakika, na mikono yake ikaufuata kabla hajaikataza. Aliukumbatia kifuani kwanza, ndipo akakumbuka. Asubuhi yake gari jeupe lilimkuta bafuni.

Tangu hapo jirani waliozoea kumwomba mkewe chumvi wakaanza kununua ya kwao. Kipa wa akiba alikuwa ameshakuja kumpa pole, na pole yenyewe ilifika mapema mno, jirani hawajajua hata kuna la kupewa pole. Kikulacho ki nguoni mwako, mama alijiambia, na yeye kutwa yumo nguoni mwa timu nzima. Alimshuku huyo kuwa ndiye aliyemchongea mumewe, akamshuku kocha, akamshuku hata mama mkwe aliyependa kuongea sokoni. Nchi changa, lakini masikio yake yalikuwa yamekomaa.

Mechi ya kwanza ya kombe lililochezewa nchini mwaka huo, kipa wa akiba aliruka mapema, mpira ukampita, ukafika mstarini mwa goli la kusini na kusimama hewani. Ulikaa hapo kidogo, usawa wa kifua, halafu ukarushwa kwa nguvu hadi katikati ya uwanja. Refa aliashiria mchezo uendelee. Sheria inataka mpira uvuke mstari, na huu haukuvuka. Mtangazaji wa redio alisema kipa wa akiba yuko katika kiwango kizuri.

Mke wa Ulimbo alikuwa jukwaani, sindano bado imechomekwa kwenye kola. Mpira ule ulirushwa kwa mkono wa kushoto. Mumewe ni wa mashoto. Furaha ilimjaa, akafunika mdomo kwa kanga ili wasiione.

Kipindi cha pili timu zilibadilishana magoli, na goli la kusini likawakatalia wenyeji vilevile, kwani Ulimbo hakuwahi kuuachia mpira wa mtu. Kufikia mechi iliyofuata wizara ilikuwa imetangaza kwamba, kwa sababu ya jua, timu hazitabadilishana tena upande. Wageni walilalamika. Wakaambiwa kila nchi na taratibu zake.

Mwaka huo ukawa wa mafanikio. Mkuu alipanda majukwaa ya kampeni amevaa jezi, akisema taifa hili halifungiki, akashinda kwa kura nyingi kuliko watu waliopanga foleni. Mama akaona sasa wakati umefika. Mtu mwenye faida kama hii, atafungiwa kwa lipi tena? Akavaa nguo yake nzuri, akaenda kwa Waziri wa Michezo.

"Mheshimiwa, namwomba mume wangu. Faida yake mmeiona wenyewe."

"Tumeiona, mama," Waziri akasema, na kwa kweli alionekana kumhurumia. "Ndiyo shida yenyewe. Tukimtoa huko aliko, pale golini atabaki nani? Ungekuwa wewe, ungethubutu?"

Akampa kiti cha kudumu, bure, nyuma ya goli la kusini.

Fainali aliitazama kutoka kiti hicho. Alikuwa amekwisha kuyapiga mahesabu: mume akifungwa, hata mara moja tu, hawatakuwa na sababu ya kumweka. Dakika za mwisho winga wa wageni akamhadaa beki, akapiga, kipa wa akiba akabaki amekaa kwenye nyasi. Mama akasimama.

"Achia!" akapiga kelele. "Baba watoto, achia! Wakufunge, urudi nyumbani!"

Watu wakageuka. Bwana mmoja aliyekuwa akisoma gazeti tangu mechi ianze akalikunja.

Mpira ulifika mstarini ukasita. Ukasogea kidogo kuelekea nyavuni. Kisha ukavutwa, ukakumbatiwa.

Uwanja ukalipuka. Mama akaketi na kulia kwa sauti, akimlaani mwanamume asiyesikia, na watu wa viti vya jirani wakampigapiga bega wakidhani ni furaha ya kombe. Yule bwana akahamia kiti cha pembeni yake, akamwuliza kwa upole yeye ni nani.

"Mke wa kipa," akasema, akanyoosha kidole mstarini, nyuma ya yule wa akiba.