Stesheni ya Usinge, Ibra

Treni ilikuwa katikati ya daraja la Malagarasi baba alipoingia majlisi na mashuka mabegani.

"Khattab, izime hiyo. Leo haitakiwi kuonekana."

Ami Khattab, mdogo wake baba, aliinua kidole: ngoja. Aliiacha treni imalize daraja, ikapita Uvinza, ikafika Kigoma, ndipo akazungusha swichi. Kwake treni haisimamishwi darajani, hata iwe ndogo ya kuenea kwenye mkoba wa mwanamke. Kisha akasaidia kutandaza mashuka, taratibu, kilima baada ya kilima.

Hapo ni Ibra, Oman, mwaka 1998, na jioni ile watu wa mji wa Bidiya walikuwa wanakuja kuniposa.

Niseme kwanza reli yenyewe, maana asiyeiona atadhani nasimulia mchezo wa watoto. Ilishika nusu ya majlisi, chumba chetu cha wageni. Ami alizaliwa Tabora, akajifunza ufundi katika karakana ya reli, na alipokuja Oman, nchi ambayo haikuwa na treni hata moja ya abiria, akaajiriwa fundi wa jenereta. Jioni zake zote akazimalizia kwenye meza ile. Injini na mabehewa aliagiza Ujerumani. Vingine vyote vilikuwa mkono wake na kumbukumbu yake. Miombo aliisuka kwa nyuzi za mtende. Chumvi ya Uvinza ilikuwa chumvi kweli. Ziwa Tanganyika lilikuwa kioo kilichopakwa rangi kwa nyuma, na ukiinama kulitazama unauona uso wako umo ndani. Mimi nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa hesabu, na bado kila nikiingia mle sauti ilinipungua yenyewe. Vijana walitoka Sur na Samail kuja kutazama, na wakirudi kwao wakaanza kukata mbao. Miaka mingi baadaye, ami akiwa keshafariki, niliiona Nizwa reli ya kijana anayeitwa Yaqeen, ambaye Afrika hajapata kuikanyaga. Mapaa ya stesheni zake yalikuwa yaleyale ya ami.

Lakini siku ile baba alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa yangu. Kwa watu wa Bidiya sote tuliotoka ng'ambo ni Wazinjibari, yaani Wazanzibari, hata sisi wa Tabora ambao bahari tuliiona siku ya kupanda meli. Taimur, mwenye kuposa, nilimjua chuoni, na nilimtaka, sina haja ya kuzungukazunguka. Yeye hakujali nimetoka wapi. Neno, hata hivyo, lilikuwa la babu yake, Mzee Suud, na Mzee Suud alisifika kwa jambo moja: nyumbani kwake Afrika haitajwi. Sasa baba amwekee Afrika mezani, na milima yake na mito yake?

Walifika baada ya alasiri. Mimi na mama, Bi Fakhriya, tulikuwa nyuma ya pazia la ukumbini, tunachungulia bila haya. Salamu zikaenda, habari za mvua, habari za falaji, mfereji wa mashamba, na maji yake. Mashuka yalikuwa pale kama maiti anayengoja kusaliwa, na kila mtu anajitia hayaoni.

"Nini ile?" Mzee Suud akauliza kwa Kiarabu.

"Vyombo, sheikh," baba akasema.

"Vyombo havina taa."

Kweli. Mapazia ya madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya jua, na chini ya shuka taa moja ya stesheni ilikuwa inawaka, ndogo kama punje ya komamanga. Mpaka leo sijui ami alisahau au alikusudia. Nilipomuuliza alicheka tu. Mgeni akishauliza hafichwi. Ami akainuka, akayaondoa mashuka, akawasha.

Treni ikatoka Tabora. Wanaume wale, na majambia yao viunoni, wakanyoosha shingo kutazama. Ikapita Usoke, ikapita Urambo, ikaingia msituni, na madirisha ya mabehewa yakawa yanawaka na kuzimika nyuma ya miti. Nilijua kwamba ndoa yangu imo mle mezani. Nilijitahidi niogope, nikashindwa, kwa uzuri wa kitu nilichokuwa nakitazama.

"Radhia, pumua," mama akaninong'oneza.

"Simamisha hapo," Mzee Suud akasema.

Alisema kwa Kiswahili.

Ami akasimamisha. Ilikuwa Usinge, stesheni ndogo, tangi la maji na duka moja la mabati. Wana wa mzee wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyepata kumsikia akisema lugha ile. Wao walijua kwamba ujana wake wote aliuza tende Bidiya. Mzee akajikongoja na bakora yake mpaka mezani.

"Duka lilikuwa upande huu wa tangi," akasema, Kiswahili chake cha bara hasa. "Wewe umeliweka kule."

"Nitalihamisha, mzee," ami akajibu. Kisha akaongeza, "Shikamoo."

"Marahaba."

Akawageukia wanawe, akarudi kwenye Kiarabu ili wasikose neno. "Hapa niliacha mke na mtoto wa kiume. Niliwaambia narudi mavuno ya tende yakisha."

Mwanawe mkubwa, babake Taimur, mtu mwenye mvi zake, akauliza, "Jina lake nani?"

"Shihab."

Aliyeuliza naye ni Shihab. Maisha yake yote aliitwa hivyo, wala hakujua kwamba jina lilikuwa na mwenyewe kabla yake.

"Amenizidi umri?"

"Ulipozaliwa wewe, yeye keshaanza kuchunga mbuzi."

Shihab alikuwa ameketi kuliani kwa baba yake, mahali pa mtoto wa kwanza, ambapo ndugu zake hawapagusi hata akiwa safarini. Akainuka. Akahamia mahali pa pili, na ndugu zake wakasogea mmoja mmoja kumpisha, mpaka mto wa kukalia wa kuliani ukabaki mtupu. Mzee akarudi, akaketi mahali pake, kando ya mto ule.

Kaka yangu Marzouq alikuwa na dele la kahawa. Akampa mzee kikombe, kisha akafika kwenye mto ule, akasita.

"Mtilie," Shihab akasema.

Marzouq akamimina, akakiweka kikombe chini, mbele ya mto. Ndipo Shihab akamgeukia baba, akaniposa kwa mwanawe.