Waya wa Pili

Kazini walimwita Kamba, na jina hilo alilipata kwa haki yake. Kila alipotaka kugusa mtandao wa seva yoyote pale hospitalini, kwanza aliandika amri moja ya ziada: zikipita dakika tano sijasema neno, rudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Alisema mtu hashuki kisimani bila kamba kiunoni. Wenzake walimcheka wakamwita mwoga, lakini kwa miaka saba mwoga huyo hakuwahi kujifungia nje ya seva hata mara moja. Siku aliyoisahau kamba ndiyo hii ninayoisimulia, na wala hakuisahau kwa kiburi. Mapenzi ndiyo yaliyomponza.

Dada yake mkubwa, mshonaji nguo, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa amelazwa ghorofa ya pili. Uvimbe ulikuwa umeota nyuma ya jicho lake la kushoto, na jicho lenyewe lilikuwa likififia siku hadi siku. Daktari wa upasuaji wa namna hiyo hakuwa wa pale. Alikuja siku moja kila baada ya miezi mitatu, na ikifika saa nane mchana gari lilikuwa likimsubiri mlangoni. Dada alipangiwa saa nne asubuhi. Daktari alishamwambia wazi, Kamba akiwa pembeni, kwamba jicho hilo halina miezi mitatu mingine ya kungoja.

Picha za kichwa chake, kama za wagonjwa wote, zilikaa kwenye mitambo ya hospitali yenyewe, katika chumba cha chini chenye mlango wa chuma. Hospitali haikutaka siri za wagonjwa wake zilale kwa watu, ikajijengea wingu lake binafsi. Ndivyo mafundi wanavyoliita, wingu, ingawa ukiliona ni makabati tu yenye joto na kelele. Seva ya zamani ilikuwa taabani, kwa hiyo alfajiri Kamba alihamishia mifumo miwili kwenye seva mpya: ule wa picha, na ule wa kadi za kufungulia milango. Yote ilipita kwenye waya mmoja, pamoja na amri zake mwenyewe. Ndiyo maana picha zilifunguka kwa kujikokota.

Akaona vibaya. Daktari asimame na kisu mkononi akingoja picha ya dada yake ifunguke nusunusu? Waya wa pili, wenye kasi zaidi, ulikuwa umeshachomekwa. Kilichobaki ni kuuingiza kwenye daraja, yaani ile njia ya ndani inayoiunganisha mifumo na nje, kisha kuutoa ule wa kwanza. Amri mbili tu. Saa tatu na nusu dada akampigia simu kwamba ameshavalishwa gauni la upasuaji, naye Kamba akaharakisha. Akautoa wa kwanza kabla hajauingiza wa pili.

Skrini ikaganda. Akabonyeza, akabonyeza tena, akasubiri dakika tano zile zimwokoe, ndipo akakumbuka kwamba leo hakufunga kamba.

Seva haikuwa na ugonjwa wowote, na hilo ndilo lililomuuma. Ilikuwa hai, picha zote zimo, inanguruma kama kawaida yake. Mtu yeyote mwenye kibodi mbele yake angeirudisha kwa mstari mmoja. Kamba alishuka ngazi mbilimbili hadi chumba cha chini, akaweka kadi yake mlangoni, taa ikawaka nyekundu. Akaifuta kadi kwenye suruali, akaiweka tena, na hapo akili ikamfikia: mfumo wa kadi nao umo humo ndani, kwenye seva ileile.

Akamwita mlinzi mkuu, jitu la miraba minne, akamwomba ufunguo wa akiba. Mlinzi akajikuna kisogo. Akasema ufunguo upo, tena upo salama kabisa, kwani waliagizwa wauweke mahali ambapo watu hawaingii ovyo. Akanyoosha kidole kwenye mlango wa chuma. Kweli akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Akaitwa mchomeleaji vyuma, naye akafika saa tano kasorobo na mashine yake ya kukatia. Mlango ule ulinunuliwa ili usikatike, na siku hiyo ulithibitisha. Mawe ya kukatia yaliisha matatu, akaenda kutafuta mengine. Wakati huo Kamba alikuwa amewapigia watu wa picha, akiwasihi wapige mpya. Wakamjibu kwamba hata mpya zingekwenda kwenye seva ileile, na zile za kuchapisha ziliachwa mwaka jana, kwa ushauri wake. Mganga hajigangi. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akitazama cheche za mawe mapya.

Simu ikalia. Alikuwa dada.

"Mdogo wangu, wanasema mtandao umekatika."

"Ndiyo, dada."

"Basi nimewatuliza hapa. Nimewaambia mdogo wangu yuko huko chini, yeye ndiye anayeutengeneza."

Alimsikia akicheka na wauguzi. Kamba alitaka kumwambia kwamba ni yeye aliyeukata. Akasema tu kwamba anatengeneza.

Mlango ulikubali saa nane kasoro dakika tano. Kamba aliingia, akaandika bila kukaa, waya wa pili ukashika mara moja. Alipofika juu akihema, daktari alikuwa ameshavaa koti lake. Hakugomba. Alieleza kwamba upasuaji ule ni wa saa tatu nzima, na kesho ana mgonjwa mwingine mbali. Akaongeza kwa upole kwamba picha ameziona sasa hivi, zinafunguka haraka ajabu.

Dada alikuwa ameketi kitandani, bado na gauni la upasuaji, akipapasa pindo lililofumuka.

"Aliyeukata ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, dada."

"Hukufunga kamba?"

"Nilikuwa na haraka. Nilitaka picha zako zifike upesi."

Hakumlaumu, na Kamba aliona heri angemlaumu. Dada alifungua mkoba wake, akatoa sindano na uzi mweupe, akampa.

"Basi nitungie uzi. Siwezi kukaa bure."

Uzi ulipita pembeni mwa tundu mara mbili. Mara ya tatu ukaingia. Akamnyooshea sindano, dada naye akanyoosha mkono kuipokea, akashika hewa. Akajaribu tena, karibu zaidi, akakosa. Kamba akausogeza mkono wake taratibu mpaka pale ulipokuwa mkono wa dada yake.