Linazima Hatua ya Saba

"Gemu linazima," alisema Mogesi, akaiweka kompyuta juu ya meza kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto mgonjwa. "Pale pale, mama fundi. Hatua ya saba."

Fundi Rahima hakuinua kichwa. Alikuwa anachomelea waya wa redio, na waya hauna subira.

"Salamu imeishia Matongo?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, sema upya."

Ilikuwa Jumatano, na hii ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza Rahima aliifungua kompyuta akakuta feni imeshiba vumbi la karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, mpaka haizunguki. Akapiga brashi, akapuliza, akapaka dawa ya kupoza joto. Mara ya pili alibadilisha memori, akafuta kila kitu, akapiga programu upya kuanzia sifuri. Mara zote mbili mashine iliwaka mikononi mwake asubuhi hadi alasiri bila hata kukohoa. Mara zote mbili Mogesi aliirudisha Matongo, machimboni, ikazima.

Fundi yeyote atakwambia ugonjwa wa namna hii ni wa kuudhi kuliko yote. Ni kama mtoto anayelia nyumbani na kucheka kwa daktari.

Duka la Rahima lilikuwa Nyamisangura, Tarime mjini, mlango mmoja, kati ya muuza vitenge na mziba pancha. Ukutani palikuwa na kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: SEMA UKWELI, ILIANGUKA AU ILIMWAGIKIWA? Meza ilikuwa ya marehemu mumewe, Imrani, aliyetoka naye Pangani miaka ile dhahabu ilipowapandisha watu wazimu. Imrani alichimba miaka miwili akapata malaria. Akarudi mjini, akaanza kutengeneza redio za waliopata. Alipofariki, majirani walingoja Rahima auze vifaa arudi kwao. Rahima akauza kochi, akanunua mita mpya ya kupimia umeme. Tangu siku hiyo alikuwa na kanuni moja tu: mashine haisemi uongo, anayesema uongo ni mwenye mashine, na mara nyingi hajijui.

Hakuwa mtu wa maneno mengi na watu. Watu hawana skrubu, alikuwa akisema, hujui uwafungulie wapi.

"Mogesi," alisema sasa, akiweka chini chuma cha moto. "Hili ni gemu la mapenzi. Vijana wa Nairobi wamelitengeneza, wewe umelinunua Sirari, mpakani. Umri wako?"

"Thelathini na nne."

"Una duara lako, shimo la dhahabu, unachimba, unaajiri watu. Na unashinda ukitongoza katuni. Mimi nimelijaribu hili gemu hapa mezani, nimelimaliza kabla ya alasiri. Yule binti Shiku amekubali kuolewa na mimi, muuza vitenge ni shahidi. Sasa kuna haja gani ya kusumbuana?"

Mogesi alitazama kofia yake. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye viganja vilivyopasuka kwa sururu, na shingo yake ilianza kuloa.

"Kuna mtu anaitwa Boke," alisema.

Habari ikatoka kidogo kidogo, kama maji ya bomba la Tarime. Boke anauza uji Matongo, njia ya kwenda maduarani. Kwao ni Mbalibali, kule Serengeti. Mogesi amekunywa uji wake miezi minane. Katika miezi minane hiyo hajawahi kumwambia neno lolote zaidi ya mawili: ongeza sukari. Kila akitaka kusema la tatu, ulimi unakuwa gogo. Ndipo aliposikia kuna gemu linalofundisha mtu kuongea na mwanamke.

"Likanisaidia kweli. Hatua ya kwanza mpaka ya sita najua maneno. Nikasema nikimaliza ya saba, nikaona yule wa kwenye kompyuta amekubali, nitapata moyo." Akaikunja kofia. "Jumatatu Boke ameniambia, Jumamosi anaenda kwao. Kuna mwanaume wa Mugumu ameleta posa. Mama yake anataka jibu. Akanitazama, mama fundi. Akasimama na kikombe mkononi, ananitazama tu."

"Ukamwambiaje?"

"Ongeza sukari."

Rahima alizima chuma cha moto. Alijikuta ana hasira, na hakujua ni ya nani. Alivuta stuli akaipiga kofi.

"Kaa. Cheza mbele yangu. Usiongee na mimi. Mimi sipo."

Mogesi akakaa. Aligonga vitufe kwa kidole kimoja, kila kitufe kana kwamba kina jiwe ndani. Shiku akatokea kiooni na nywele zake za kusuka, akasema, "Sasa Mogesi? Mbona umepotea hivyo?" Mogesi akachagua jibu zuri. Gemu likamuuliza atampa Shiku maua, chokoleti au simu. Akampa simu, maana maua ni chakula cha mbuzi. Hatua ya pili, ya tatu. Mfumaji wa maneno kabisa. Rahima alisimama nyuma yake amekunja mikono, macho kwenye taa ndogo ya chaji, masikio kwenye feni. Taa imara. Feni inaimba vizuri. Hatua ya sita Shiku akasema, "Twende nyumbani, nataka umwone mum."

Picha ikabadilika. Sebule, makochi, pazia. Mlango ukafunguka, akatoka mwanamke wa makamo amevaa miwani na suruali, akaja mpaka kioo kikamjaa uso, akatabasamu.

"Karibu mwanangu."

Mogesi aliifunga kompyuta kwa kishindo. Akabonyeza kitufe cha kuzimia, akakishikilia mpaka taa zote zikafa, akainuka, akageukia barabarani na kujiziba uso kwa kofia.

Rahima aliigusa kompyuta; haikuwa hata na joto.

"Umeona?" alisema bila kugeuka. "Inazima."

"Umeizima wewe."

"Lazima izimwe, mama fundi. Mama mkwe ametoka bila taarifa."

Rahima alikaa kwenye stuli. Kicheko kilimpanda, akakimeza, kikampanda tena, akakitoa chote mpaka muuza vitenge akachungulia.

"Mara tatu umeileta, Mogesi. Nimefungua mashine skrubu kumi na nne, mara mbili."

"Hukuniuliza."

Na kweli hakumuuliza. Aliuliza kama ilianguka au ilimwagikiwa.

"Kwetu Pangani," alisema akifuta macho kwa ncha ya mtandio, "mama mkwe unampelekea samaki, unakaa naye mkekani, anakuuliza mbona umekonda. Kwenu vipi?"

"Kwetu haangaliwi. Ni heshima. Mkikutana njiani, wewe unaingia porini. Na yeye pia hawezi kuniangalia, anajifunika, anapita upande mwingine. Huyu wa Nairobi ananikodolea macho kama nimeiba kuku."

Rahima aliiwasha kompyuta, akapita hatua sita kwa dakika chache, akamfikia yule mama. Mogesi alibaki mlangoni, mgongo kwao.

"Anakupa machaguo. La kwanza, mkumbatie mama."

Mabega ya Mogesi yalipanda mpaka masikioni.

"La pili, mbusu shavuni. La tatu, kaa naye kochi moja."

"Hakuna la nne?"

"La nne lipi?"

"Niende nikasimame zizini."

"Zizi hawajaliweka." Rahima akabonyeza la tatu, lenye nafuu. "Nimekaa naye mimi, wewe upo nje. Sasa anauliza: wewe ni nani, na unataka nini kwa binti yangu? Hapa hakuna machaguo. Unaandika maneno yako."

Pikipiki zilipita. Ng'ombe wa mtu alivuka barabara, na wote walingoja avuke.

"Sema," alisema Rahima, na sauti yake haikuwa ya fundi. "Mimi naandika. Huyu mama humwoni, na yeye hakuoni."

"Andika, mimi ni Mogesi mwana wa Nyangwine." Alikuwa anaongea na barabara. "Nina duara Matongo. Duara linaporomoka wakati wowote, kwa hiyo mama usiniwekee hesabu ya dhahabu. Nina ng'ombe kumi na wawili, hao hawaporomoki. Mimi uji siupendi. Tangu utotoni unanikaba. Lakini wa Boke nimekunywa miezi minane, vikombe viwili kila asubuhi, kwa sababu cha kwanza kinaisha kabla sijapata neno. Sijui kusema. Ila nikimwona amefika salama na sufuria yake, siku hiyo nashuka shimoni bila woga. Asipokuja nashuka naogopa. Basi. Hapo weka nukta."

Rahima aliweka nukta. Halafu akabonyeza.

Jibu limezidi herufi thelathini, gemu likasema. Fupisha.

Akafuta, akaandika: Namtaka Boke.

Mama wa kwenye kioo akakunja uso. Hukumtaja Shiku. Umeshindwa. Anza upya.

"Limesemaje?" aliuliza Mogesi.

Kwa mara ya kwanza tangu auze kochi, Rahima aliitazama mashine akaona imesema uongo.

"Limeharibika," alisema, akaifunga. "Hili halitengenezeki. Mama yake Boke yuko hai?"

"Yuko. Baba alishafariki. Nyumba inashikwa na mama, maneno yote ni kwake. Ndiyo shida yenyewe. Na mimi wazee wangu waliobaki hawaongei nami tangu nilipoingia maduarani, wanasema shimo si kazi. Sina mtu wa kunisemea kwa mama yake."

Wakatazamana, mara ya kwanza siku hiyo.

"Hapana," alisema Rahima. "Mimi ni fundi kompyuta."

"Ndiyo, mama."

"Mshenga ni mzee wa kiume. Mtu wa maneno."

"Ndiyo, mama. Lakini wewe unaweza kumwangalia."

Jumamosi Rahima alifunga duka, jambo ambalo hata mazishi hayakuwa yakilisababisha mara nyingi. Walipanda gari la asubuhi hadi Mugumu, Boke akiwa ametangulia na la alfajiri, kisha bodaboda mbili hadi Mbalibali. Mogesi alipakata mfuko wa sukari. Rahima alishika kipande cha boksi la chaja, na nyuma yake alikuwa ameyaandika kwa kumbukumbu yale maneno yote ya Mogesi, kwa mwandiko wa kubana, mpaka nukta.

Walipoufikia mji wa akina Boke, Mogesi alimkabidhi sukari, akakata kona, akaenda akasimama kwenye uzio wa zizi akiwaangalia ng'ombe. Rahima akaendelea peke yake. Aliwaza Imrani angecheka kiasi gani.

Mama mtu mzima alitoka akiwa na kitenge mabegani, mwembamba, macho makali. Nyuma yake alitoka mwanamke aliyeshika sufuria. Rahima hakuhitaji kuambiwa huyo ni nani, kwa jinsi alivyotazama zizini kabla ya kumtazama mgeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni nani, na umefuata nini kwangu?"

Rahima nusura acheke. Aliinua kile kipande cha boksi, akasoma jina, akasoma duara, akasoma ng'ombe kumi na wawili. Alipofika kwenye uji, herufi zikaanza kucheza. Akakishusha.

"Mama, mimi si mshenga," alisema. "Ni fundi tu, natengeneza vitu. Yule pale hapendi uji." Na akasema yaliyobaki kwa kichwa, vikombe viwili, shimo, woga, bila kuruka kitu. Nyuma ya mama, Boke alikuwa ameacha kukoroga.

Alipomaliza, mama alimtazama yule mtu mkubwa aliyewapa ng'ombe macho na watu mgongo.

"Mura yule, kijana wako, amesimama hapo kwa nini?"

"Anakuheshimu, mama."

Mama alishika ncha ya kitenge, akakivuta juu ya kichwa mpaka kikamfunika uso upande wa zizi. Akageuka, akapita nyuma ya nyumba kwa njia ya mbali, ile isiyoonekana kutoka kwenye uzio.

Imezima, aliwaza Rahima, na moyo ukamwanguka. Alibaki na kipande cha boksi mkononi, anatafuta kosa liko wapi, neno gani hakulisema sawa.

Boke alikuwa ameinama, anatabasamu kama aliyeona mama yake akimpisha mkwe. Aliufungua mfuko wa sukari kwa meno, akamimina uji kwenye kikombe, akatia kijiko kimoja. Akatia cha pili. Akatazama zizini, akatia cha tatu, akaanza kukoroga taratibu.