Nakala za Mdogo Wangu

Kila baada ya dakika kumi kompyuta yangu ilikuwa inagoma. Nakata video, mkono umeshika kasi, mara picha inaganda na kwenye kioo kunatokea kimstari cha kijani na maneno: "Inahifadhi nakala, tafadhali subiri." Nisubiri nini? Kimstari kinatambaa dakika nne, siku nyingine tano, na muda wote huo siwezi kugusa chochote. Nabaki nimekunja mikono, namsikiliza mdogo wangu upande wa pili wa ubao unaotutenganisha akibofya, tak, tak, tak, hasimami. Yake haikugoma hata siku moja. Hicho ndicho kilichonikera kuliko kugoma kwenyewe.

Studio ni ya mjomba wetu, kaka yake marehemu mama. Mimi nimehariri pale miaka kumi na moja. Mdogo wangu ana miaka miwili tu kazini, na aliyemfundisha ni mimi, kwa mikono yangu hii: wapi pa kukata, wapi pa kumwacha mtu apumue. Alipokuja hakujua hata kuondoa kelele za feni kwenye sauti. Leo wateja wakiingia wanauliza, "Yule binti yupo?" Binti! Na mimi niliyekaa pale mlangoni je, ni pazia?

Sasa chuo cha wakunga kikaja na kazi ya filamu sita. Kazi ya mwaka mzima. Mkuu wa chuo, mama mmoja asiyecheka ovyo, akasema anataka kwanza aone dakika sita za mwanzo, kila mhariri atengeneze zake kwa picha zile zile. Atakayempendeza ndiye atakayefanya zote, na jina lake litaandikwa mwanzoni kabisa: Mhariri Mkuu. Miaka kumi na moja jina langu halijaandikwa popote, huwa inaandikwa jina la studio basi. Nililitaka hilo jina, jamani. Nililitaka mpaka nikawa naliota. Na mama yule alisema atakuja kuangalia Alhamisi, saa nne asubuhi.

Jumatatu nikamfuata mjomba, akiwa anafunga begi la safari.

"Mjomba, yule umempa mashine mpya?"

"Mashine zenu ni pacha. Nilizinunua siku moja."

"Mbona yake inakimbia na yangu inatambaa?"

Akanishangaa. "Si nilikueleza mwezi uliopita, fundi alipokuja kuzipanga?"

Ni kweli alinieleza. Lakini siku ile nilikuwa nimenuna, maana alikuwa ametoka kumsifia mdogo wangu mbele ya wageni, na kila alichosema nilimjibu "sawa, sawa" bila kusikia hata neno. Kumuuliza tena ilikuwa aibu. Nikajikausha. Mjomba akaondoka, akasema atarudi Jumatano usiku.

Mchana mdogo wangu alipotoka kwenda kula, nilifungua mwenyewe mahali pa mipangilio ya nakala. Nikakuta miradi miwili imewekewa alama ya vema. Wa kwanza wangu. Wa pili wake. Mashine yangu ilikuwa inatunza nakala za kazi yangu na za kazi yake, zote kwa pamoja, na mashine yake haikutunza kitu. Ndiyo maana ilikimbia. Mzigo wake nilikuwa naubeba mimi!

Damu ilinipanda kichwani. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini nakala ziliwekwa kwangu na si kwake. Akili yangu siku hiyo ilikuwa likizo. Nilichojiuliza ni kitu kimoja tu: amefika wapi? Nikafungua nakala yake nikaangalia.

Ilianza na mkunga mzee ananawa mikono. Basi. Ananawa, maji yanasikika, hakuna muziki, hakuna msimulizi, na mdogo wangu hakukata. Sekunde ishirini na mbili! Halafu mkunga anafunga bomba, na kabla hujaona kingine chochote unasikia mtoto analia. Mimi picha hiyo hiyo niliipa sekunde tatu, nikaifunika na zeze. Niliangalia dakika zote sita, nikarudia. Nikarudia tena. Mara tisa niliangalia, natafuta kosa, hata dogo, hata la sauti kuchelewa. Sikuliona. Nani alimfundisha yale? Si mimi. Mimi sikuwa nayo ya kumfundisha, na kulijua hilo kuliniuma kama jino bovu, sitaki kudanganya.

Nikaiondoa alama yake. Programu ikaniuliza kwa adabu zake: "Je, ungependa kufuta pia nakala zilizopo?" Nikabofya Ndiyo.

Nikajipa moyo. Kazi yake si anayo kwenye mashine yake? Nimemnyang'anya nini? Jioni nitamwambia ajitunzie mwenyewe kama watu wazima. Jioni ikafika, sikumwambia. Jumanne nayo ikapita. Mashine yangu ilikuwa inateleza sasa, kimstari kinatokea na kupotea ndani ya sekunde tano, na mimi nikawa naimba chini chini, kitu ambacho sikukifanya mwezi mzima.

Jumatano saa mbili na nusu asubuhi mdogo wangu alitokea upande wangu na kikombe cha chai mkononi. Anacheka.

"Dada, diski yangu imekata roho."

"Imefanyaje?"

"Imekufa kabisa. Inakwaruza tu, mashine haiwaki. Nimempigia fundi, anasema nisahau kilichomo." Akavuta kiti. "Bora zangu ziko kwako. Hebu nipishe kidogo nizichukue."

Sikuinuka. "Kumbe ulikuwa unajua kwamba ziko kwangu?"

"Si nilimwomba mjomba mimi mwenyewe? Fundi alitaka kila mtu ajitunzie zake. Nikasema hapana, zangu wekeni kwa dada, dada hajawahi kupoteza kitu cha mtu." Akapuliza chai yake. "Najua zinakuchelewesha, nisamehe. Nilitaka kukununulia hata soda."

Ningeweza kusema mashine imekwama. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, na angeliamini, kwa sababu mdogo wangu tangu utotoni huamini kila ninachomwambia. Lakini alikuwa ananitazama na lile tabasamu la kuomba msamaha, yeye, ananiomba mimi, na nikashindwa.

"Hazipo," nikasema. "Nilizifuta. Jumatatu."

"Kwa bahati mbaya?"

"Hapana."

Kikombe akakiweka chini polepole. Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari hata kwa kofi, na lingenifaa. Alikaa akiangalia kioo changu, ambapo dakika zangu sita zilikuwa zimepangwa vizuri, salama salimini.

"Wiki tatu," akasema. "Dada, wiki tatu."

"Picha za kamera zipo zote kabatini. Kilichopotea ni mpangilio."

"Mpangilio ndio kazi. Wewe ndiye ulinifundisha hivyo." Akashika kipanya, akakiachia. "Mimi hata sikumbuki nilivyopanga. Nilikuwa napapasa tu mpaka ikakaa."

"Mimi nakumbuka," nikasema.

Na kweli nilikumbuka, kila kipande. Siku mbili nilikuwa silali vizuri, nikifumba macho naiona kazi yake inapita, naihesabu sekunde kwa sekunde kwa hasira. Kazi yangu mwenyewe sijawahi kuikariri hivyo. Nikasimama, nikampisha kwenye kiti changu. Nikatoa zile picha kabatini.

Tulianza saa tatu. Mimi nataja, yeye anakata. Mkunga mzee, halafu kilio cha mtoto, halafu korido tupu, halafu uso wa mwanafunzi anayeogopa. Hakuniangalia hata mara moja. Akiuliza, anauliza kioo.

"Hapa kwenye mikono niliacha ngapi? Kumi?"

Haya, shetani alikaa na mimi pale pale. Kumi ilitosha kuiharibu. Mama wa chuo angeona ni picha ya mtu ananawa tu, angepita. Hakuna ambaye angejua, na hata mdogo wangu mwenyewe angefikiri ndivyo ilivyokuwa. Jina langu lilikuwa linaning'inia hapo, kwenye jibu moja.

"Ishirini na mbili," nikasema. "Na usiweke muziki."

Akageuka. "Uliangalia mara ngapi?"

"Tisa."

Akaweka ishirini na mbili. Saa kumi na moja jioni ilikuwa imesimama yote, na alipoichezesha mwanzo mpaka mwisho mimi nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Alhamisi mama wa chuo alikuja na daftari lake. Akaangalia yangu, akaitikia kwa kichwa, akaandika mstari mmoja. "Nzuri," akasema. Akaangalia ya mdogo wangu, na kalamu ikabaki hewani. Ilipoisha akaomba irudiwe. Nilijua itakuwa hivyo, niliitaja kipande kwa kipande kwa mdomo wangu mwenyewe, na bado nilipomsikia akisema "Huyu binti ndiye ninayemtaka" wivu ulinirudia upya. Nilipiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote mle ndani.

Mgeni alipoondoka mjomba alikuwa anasugua viganja kwa furaha. Alikuwa na habari ya diski tu, mengine hakuyajua. Akamshika mdogo wangu begani.

"Mhariri Mkuu! Diski mpya inafungwa leo. Filamu sita hizo, kazi nzito. Nakala zibaki kwa dada yako kama kawaida?"

Nilishusha macho. Nilikuwa na jibu langu tayari, kwamba zibaki, hata zikinigandisha nusu saa zibaki, nitasubiri.

"Hapana, mjomba," akasema mdogo wangu. "Zangu nitazitunza mwenyewe."

Alisema kwa upole tu, kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Mjomba akamtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akaenda kumfungulia fundi mlango.