Kaburi la Ardelle na Bibi wa Kichokto

Ardelle Sumrall alikuwa na miaka sabini na sita, na katika dunia hii alibakiwa na tamaa moja tu: futi tatu za udongo kando ya mume wake. Harlan alikuwa amezikwa miaka sita nyuma, katika makaburi ya ukoo, nyuma ya kanisa la Baptisti la Shady Fork. Ubavuni pake, hadi kufikia mzizi wa mwerezi, palibaki nafasi ya mtu mmoja asiye mnene. Kila mwaka, Jumapili ya kupamba makaburi, Ardelle alifungua kiti chake cha kukunja akakiweka papo hapo, akala kuku wake, akamweleza Harlan habari za mwaka mzima. Watu walimpisha. Ilijulikana kuwa pale ni pake.

Mwezi Mei akaenda kupalilia, akakuta vigingi vinne vimekitwa pale, vimezungushiwa kamba ya rangi ya chungwa.

Hakupiga kelele. Alirudi kwenye gari, akanywa chai yake ya barafu mpaka ikaisha, kisha akaendesha moja kwa moja hadi kwa Royce.

Royce alikuwa mtoto wa kaka yake Harlan na mwenyekiti wa kamati ya makaburi. Alikuwa ameuza matrekta maisha yake yote. Tangu astaafu alishikwa na jambo moja, kwamba damu ya akina Sumrall ni damu ya Wachokto, wenyeji wa asili wa Mississippi. Si yeye aliyelianzisha. Ukoo mzima ulisema hivyo, na Harlan naye, Mungu amrehemu, alilirudia kila aliponyoa ndevu akaona hazijaota sana, kama wasemavyo watu juu ya ndevu za Wachokto. Lakini wengine walilisema kama mtu anavyosema mawingu yanaelekea kuwa na mvua. Royce alilivaa mwilini. Alijitia shingoni mkufu wa mawe ya buluu kutoka Arizona, ambako hakuna Mchokto aliyewahi kuacha hata kofia, akafuga nywele, akaanza kuongea polepole huku akitazama mbali, hata alipokuwa akiagiza kuku wa kukaanga kwenye dirisha la mkahawa.

Mwaka uliopita alikuwa ametema mate kwenye kichupa akayapeleka yapimwe asili yake. Majibu yalirudi: Uskoti, Ayalandi, na Norwei kidogo. Royce alisema tumbaku ya kutafuna ndiyo iliyoharibu mate.

"Royce," Ardelle alimwambia akiwa bado mlangoni, "kuna kamba kwenye kaburi langu."

"Mama mdogo," Royce akajibu polepole, "karibu ukae."

"Nimekaa sana kwenye gari. Kamba ni ya nini?"

Royce alitazama mbali, ingawa mbali pale palikuwa na jokofu. "Tumempata."

"Nani?"

"Malinda. Mama yake babu Enoch. Binti wa chifu."

Akamweleza. Alikuwa amechukua nyaya mbili za kutundikia nguo, akazikunja, akapita nazo makaburini akizishika mbele yake, kama wazee walivyofanya kutafuta makaburi yasiyo na alama. Alipofika kando ya Harlan, nyaya zikapishana zenyewe. Jiwe lilikuwa limekwisha kuchongwa. Lingesimamishwa Jumapili ya mapambo, mbele ya ukoo wote: MALINDA, BINTI WA CHIFU WA WACHOKTO, MAMA YETU SOTE.

"Na mimi nitalala wapi?"

"Tumekufikiria, mama mdogo. Ipo nafasi nzuri pale uzioni. Kando ya baba mdogo Dub."

Ardelle akaukaza mkoba wake kwapani. Shemeji yake Dub, hata alipokuwa hai, hakuna aliyekubali kukaa naye benchi moja kanisani. Alikuwa mtu wa kutema, na wa kukueleza ndoto zake tangu mwanzo hadi mwisho. Kungoja parapanda kando ya Dub, na parapanda yenyewe hakuna ajuaye siku yake, ilikuwa adhabu ambayo Ardelle hakukumbuka kuifanyia dhambi.

"Mwanangu, huyo Malinda una karatasi yake?"

"Damu haihitaji karatasi."

"Damu yako imesema Norwei."

Royce akaliacha jokofu, akamtazama.

"Tufanye hivi," Ardelle akasema. "Nionyeshe maandishi ya kweli kwamba huyo mama alikuwepo. Ukiyapata, nitabeba kiti changu mwenyewe niende kwa Dub, na neno hutalisikia. Ukiyakosa, unang'oa kamba yako."

"Imeandikwa kwenye Biblia ya ukoo. Na Biblia unayo wewe."

Hilo lilikuwa kweli. Biblia ile alikabidhiwa siku alipoolewa, na katika kurasa zilizo kati ya Agano la Kale na Jipya, kwa wino wa kahawia, palikuwa pameandikwa: Malinda, Mchokto, mama wa Enoch. Hakuwahi kuwa na shaka nalo. Jambo lililokaa kati ya Malaki na Mathayo utaliwekeaje shaka?

Jumatano wakaenda mjini na Biblia yao. Chumba cha kumbukumbu kilikuwa chini ya mahakama ya wilaya, na aliyekitunza alikuwa Nelda Chickaway, Mchokto wa baba na mama, mwenye miaka ishirini na miwili katika kazi ile. Royce alisimama mlangoni akainua kiganja juu, kama wanavyosalimia Wachokto wa sinema.

"Habari za asubuhi, Bwana Sumrall," Nelda akasema. "Shusha mkono, utagonga taa."

"Tumekuja kwa ajili ya bibi yetu."

"Binti wa chifu."

Royce akashtuka. "Umejuaje?"

"Jumatatu walikuja wawili. Jana mmoja." Nelda akamvutia Ardelle kiti. "Karibu, mama. Nimewauliza wazee wetu wote, Bwana Sumrall, na hakuna anayemkumbuka binti wa chifu hata mmoja. Naona wote waliolewa kwenu, tukabaki sisi hawa wa kawaida."

"Poleni," Royce akasema, na alimaanisha. Kisha akaongeza kwa heshima, "Naona una mifupa ya mashavu. Hata sisi tunayo."

"Kila mtu anayo. Bila hiyo uso ungeshuka."

Ardelle aliweka Biblia mezani. Alitarajia Nelda aende kwenye majina, lakini yeye alifungua ukurasa wa kwanza kabisa, ule wa mchapaji, akausoma kwa kidole. Ndipo akaenda kwenye majina. Akayatazama, akarudi mbele, akayatazama tena.

"Mama, Biblia hii imechapwa mwaka 1902."

"Ni ya zamani," Ardelle akasema.

"Ya zamani, ndiyo. Ila harusi hii hapa ni ya mwaka 1849. Kuzaliwa kwa Enoch, 1853. Wino ni ule ule, mkono ni ule ule, hata mistari inainama upande mmoja. Aliyeandika aliketi akaandika yote siku moja."

Ardelle alijisikia kama mtu aliyekuta panya ndani ya kikapu cha sadaka. Miaka hamsini na mbili alikuwa akiifuta vumbi Biblia ile, na ukurasa wa mchapaji hakuwahi kuusoma. Yeye Biblia aliianzia Mwanzo.

"Alinakili kutoka ya zamani," Royce akasema haraka. "Ya zamani iliungua. Nyumba iliungua."

"Ukiwasikiliza watu wanaokuja hapa, Mississippi nzima iliungua mara mbili," Nelda akasema. "Lakini mwaka huo wa 1902 una jambo. Subirini."

Alikwenda nyuma, akarudi na mkanda wa filamu, akautia kwenye mashine ya kusomea. Miaka ile, alieleza huku akizungusha, serikali ilituma tume kuandikisha Wachokto waliobaki Mississippi ili wapewe ardhi magharibi. "Ghafla tukawa wengi kama uyoga. Watu waliokuwa wakimfukuza bibi yangu kisimani kwao walipanga foleni kuapa kwamba ni ndugu zake." Mashine ikasimama. "Huyu hapa. Enoch Sumrall. Ameapa mbele ya tume."

Royce akauweka mkono kifuani. Nelda akasoma.

*Swali: Mama yako aliitwa nani?*

*Jibu: Malinda.*

*Swali: Alikuwa Mchokto?*

*Jibu: Kabisa.*

*Swali: Alifananaje?*

*Jibu: Mrefu, uso mrefu, nywele zimenyooka. Mwenye nguvu. Hakuwa na maneno mengi.*

"Ndiye," Royce akanong'ona. Macho yalimlengalenga.

Ardelle aliinamisha kichwa. Alianza kumzoea Dub moyoni, kidogo kidogo, kama mtu anavyoingiza mguu kwenye maji baridi.

"Kuna shahidi," Nelda akasema. "Jirani yake, Asa Thigpen."

*Swali: Ulimfahamu Malinda?*

*Jibu: Sana. Nimelima naye mahindi misimu minne.*

*Swali: Alikuwa Mchokto?*

*Jibu: Sijui. Enoch alimnunua kwa Mchokto.*

*Swali: Alimnunua mama yake?*

*Jibu: Mama yake nani? Malinda ni nyumbu wa plau, baba punda, mama farasi. Tumekuja naye. Mmemfunga pale nje wenyewe.*

Hakuna aliyecheka. Nelda alizungusha kidogo, na sauti yake ikashuka.

"Wamemrudisha Enoch."

*Swali: Kwa nini umeiambia tume jina la nyumbu?*

*Jibu: Mliniuliza jina la mama. Mama yangu alikufa siku niliyozaliwa. Hakuna aliyewahi kuniambia jina lake. Ilibidi niseme jina la mtu wa kike aliyenitendea wema.*

*Ombi limekataliwa.*

Taa ya mashine ilikuwa ikivuma. Ardelle alijua kwamba nafasi yake imerudi, na akashangaa kwamba moyo haukuruka.

Njiani kurudi, Royce aliongea kwa mwendo wa kawaida, mara ya kwanza baada ya miaka miwili. "Mama mdogo, usiwaambie. Watu mia na arobaini wanakuja. Fulana zimeshachapwa."

"Nililolisikia nimelisikia, Royce. Siwezi kusimama kaburini kwa mume wangu nikaimba wimbo huku nyumbu yuko jiweni."

"Basi niachie niliseme mimi."

Ardelle akamtazama. "Hilo naweza."

Jumapili ilifika. Jiwe lilikuwa chini ya mwerezi, limefunikwa shuka la kitanda. Chakula kilipangwa kwenye meza ndefu: kuku, kunde, mkate wa mahindi, mayai ya kujazwa. Akina Sumrall walisimama na fulana zao zilizoandikwa MAMA YETU SOTE. Royce alikuwa na karatasi mfukoni, aliyonakili maneno ya tume, na nyaya zake mkononi, na midomo yake ilikuwa mikavu. Ardelle aliona hataweza.

"Royce," akamwambia, "anza na nyaya. Uwaonyeshe."

Royce akatembea. Kando ya Harlan, nyaya zikapishana. Watu wakaguna kwa kuridhika. "Endelea," Ardelle akasema. Kwa Dub, zikapishana. Kwenye njia ya gari, zikapishana. Kwenye mayai ya kujazwa, zikapishana kwa nguvu. Alipomkaribia mchungaji zilianza kutikisika, na mchungaji, ambaye alikuwa na shinikizo la damu, akasogea pembeni.

Royce akaziweka nyaya mezani. Akatoa karatasi, akaisoma yote, hadi mwisho, bila kutazama mbali.

Mzee mmoja nyuma akauliza, "Kwa hiyo huyo nyumbu, kwa Mchokto alitoka kweli?"

"Kweli," Royce akasema. "Ameapiwa."

"Basi si nilisema kuna kitu," mzee akawaambia wenzake, na mnong'ono wa faraja ukapita katika ukoo mzima. Mwanamke mmoja akasema hata yeye ana uso mrefu. Mwingine akasema kama si Malinda kulima, wote wasingezaliwa, kwa hiyo fulana hazijasema uongo. Ikapigwa kura ya mikono. Jiwe halikuvunjwa, maana ni zuri na limeshachongwa. Kwenye maneno yake wangefuta BINTI WA CHIFU tu. Na mahali pa kulisimamisha, wakaona, ni pale uzioni, ambako palikuwa wazi. Dub angepata mwenzake. Vijana sita wakalibeba.

Ardelle aling'oa vigingi mwenyewe. Akakunja kamba vizuri akaiweka mkobani, maana kamba nzuri haitupwi, akafungua kiti chake akakaa. Baadaye Royce akaja na sahani yake, akaketi kwenye nyasi, mkufu ukiwa mfukoni.

"Kumbe sina bibi, mama mdogo."

"Unaye. Jina ndilo huna."

Royce alikula kipaja cha kuku. Ardelle aliifungua Biblia magotini, kati ya Malaki na Mathayo, akatoa kalamu. Hakufuta kitu, kwa kuwa mtu hafuti ndani ya Biblia. Baada ya *Malinda, Mchokto* aliandika neno moja: *nyumbu*. Chini yake, kwa herufi alizofundishwa darasa la tatu, akaandika polepole: *Mama yake Enoch. Alikufa akimzaa. Jina lake Mungu analijua.*

Akangoja wino ukauke. Royce alipoondoka kwenda kuongeza chakula, Ardelle aliinama kidogo upande wa kulia.

"Harlan," akasema, "nina habari za ndevu zako."