Kishikio cha Birika la Mzee Jivani

Osea alikuwa mtengenezaji wa majembe na baiskeli huko Iyula, na siku hiyo alikuwa ameshuka Tunduma kutafuta jiliwa ya kubania vyuma. Familia ya marehemu mzee Jivani, Mhindi aliyewahi kuwa na duka Mbozi, ilikuwa inauza vyombo vyake kwa mnada. Jiliwa ilichukuliwa na mtu mwingine mapema. Osea alikuwa tayari anaondoka dalali alipoinua birika la shaba, refu kama mkono, shingo yake imezungushiwa tausi wa fedha.

"Limetoka India kabla babu zenu hawajazaliwa!" dalali alinadi. "Angalieni nakshi!"

Osea hakuangalia nakshi. Aliangalia kishikio. Kilikuwa cha chuma cheusi, kimesokotwa kama kamba, na mwisho wake ulikuwa umekunjwa mara mbili. Hakuna mhunzi mwingine aliyekunja hivyo. Marehemu baba yake ndiye aliyekitengeneza.

Alijaribu kupandisha bei, lakini alishindwa haraka na Jenista, mama wa Tunduma aliyenunua vitu vya kale kwa ajili ya wateja wa Lusaka. Baada ya kulipa, Jenista aligeuza birika mkononi na kuguna.

"Zuri, ila hiki chuma kimelichafua. Nitakikata nitie cha shaba."

Osea alimsogelea, kofia mkononi. "Samahani, mama. Kama unakitoa, naomba nikitoe mimi, halafu unipe. Ni kazi ya baba yangu."

Jenista alimtazama. "Una uhakika?"

"Nina uhakika. Alinisimulia. Kishikio cha kwanza kilivunjika, mzee Jivani akataka kipya kipigiliwe kwa misumari. Baba akakataa kutoboa. Alisema aliyechora ndege wale alikuwa na macho na mgongo kama yeye, na yeye hawezi kutoboa jasho la mwenzake."

Jenista akampa birika. Osea aliketi kwenye sanduku, akaomba koleo, akaanza kulegeza pete ya chuma iliyokumbatia shingo. Alifanya taratibu, akipumua kwa mdomo. Pete ilipofunguka, chini yake palikuwa na ukanda mwembamba wa ngozi, umekauka kama jani la mgomba. Jenista aliubandua kwa ukucha.

Tausi waliokuwa chini ya ngozi walikuwa wazima. Fedha yao iling'aa kuliko ya wenzao wote, maana hawakuwahi kuguswa na mkono wala moshi. Hapakuwa na tundu, hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Jenista alipitisha kidole juu yao. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Kirudishe, baba."

Osea alikuwa ameshakishika kishikio kifuani. Hakuwa na kitu kingine cha baba yake. Nyundo na mivukuto ya kuvuvia moto viliuzwa zamani, wakati wa msiba. Alikisugua kwa kidole gumba, akatafakari. Nyumbani kingetundikwa ukutani, nacho hakikutengenezwa kwa ajili ya ukuta.

"Nipatie kipande cha ngozi laini," alisema.

Alipomaliza kukaza pete, Jenista alitoa kalamu. "Atakayenunua nitamweleza. Baba yako aliitwa nani?"

"Rubeni. Andika mhunzi, wa Iyula."

Akaandika, akakunja karatasi na kuitia ndani ya birika.

Jioni mkewe Ikupa alimsikiliza mpaka mwisho, akaacha kuchambua maharage.

"Na wewe umekubali kukiacha?"

"Nimekubali." Akavua kofia. "Lakini nilikaa nacho pale kwenye sanduku muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Yule mama aliona, hakunihimiza."