Gunia Juu ya Amplifaya

Fundi Zenon alikuwa hatulii. Tangu zile mashine mbili ziingie chumbani mwake, alikuwa mtu wa kuinama na kuinuka, kuinuka na kuinama, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Huchomoa waya huku akaupachika kule, hugeuza santuri, hurudi nyuma mpaka mlangoni, huinamisha kichwa asikilize, kisha husonya. Halafu huanza upya.

Mashine zenyewe zilikuwa amplifaya, zile za kuipa santuri nguvu ya kuimba kwenye spika kubwa. Moja ilikuwa ya valvu: sanduku la chuma zito kama jiwe la kusagia, na ndani yake vichupa vya kioo ambavyo ukiwasha hukaa kwanza, vikapata moto taratibu, kisha vikawaka wekundu wa makaa. Ya pili ilikuwa ya transista: nyembamba, nyepesi, haina kioo wala moto, ukiwasha inaimba papo hapo. Ya valvu ilitaka umeme wa ukutani tu. Ya transista ilikubali umeme wa ukutani, na pasipo umeme ilikubali betri ya gari.

Hapo penye betri ya gari ndipo penye ugomvi wote.

Mwaka ule Sumbawanga ilikuwa ndiyo kwanza imefanywa makao makuu ya mkoa. Maofisi yalikuwa yakiota kama uyoga, na kila ofisi ilitaka meza, kila meza ilitaka seremala. Zenon alikuwa seremala, na kwa kauli yake mwenyewe hakukuwa na mwingine kuanzia pale mpaka Tunduma. Lakini vijijini nako watu walikuwa wakihamishwa, wakikusanywa katika vijiji vya ujamaa. Mama mkwe wake, mjane aitwaye Adela, alikuwa ameambiwa ashuke kutoka kilimani kwake aje kijijini Mwimbi. Kiwanja cha karibu na maji angepewa, kwa sharti moja: nyumba isimame kabla ya mvua. Mvua ikikuta kiwanja kitupu, anapewa mwingine. Adela hakuwa na mtoto mwingine ila Bertilla, mke wa Zenon.

"Twende tukamjengee mama, tukae naye," Bertilla alikuwa amesema tangu mavuno ya malezi, ile nafaka ya ulezi.

Zenon hakukataa. Hakukubali pia. Alisema, "Ngoja kwanza nichague mashine."

Bertilla hakuwa mjinga. Mwimbi hakuna umeme. "Haya, chagua," alisema. "Ukichukua ile ya betri nitafunga mizigo ya watu wawili. Ukichukua ile ya vichupa nitafunga ya mtu mmoja."

"Wewe nawe! Mimi nazungumza habari ya sauti."

"Na mimi nazungumza habari ya mizigo."

Mashine zilikuwa za Mwinjuma, mwenye duka na malori, aliyezinunua ng'ambo ya mpaka kwa Mzungu wa migodini aliyekuwa akirudi kwao. Zenon alikuwa amemtengenezea kaunta na rafu za duka lake jipya mtaani Mazwi, na badala ya fedha wakapatana mashine. "Kaa nazo zote mbili, fundi," Mwinjuma alimwambia. "Zisikilize. Ijumaa baada ya sala lori langu linakwenda Mwimbi. Kabla halijaondoka nitapita uniambie ipi yako, na nyingine naipeleka kwa mtu wa Mpanda."

Basi Zenon akasikiliza. Ile ya valvu ilikuwa na sauti ya mtu mzima aliyeshiba. Besi lilitoka chini, la mviringo, likakaa chumbani kama mgeni aliyepewa kiti. Mwimbaji akivuta pumzi ungedhani yuko nyuma ya pazia. Lakini ilikuwa na mngurumo. Hata santuri ikinyamaza, yenyewe ilibaki ikijisemea mmm, mmm. Na jioni, mji mzima ukiwasha taa na mtambo wa dizeli ukielemewa, vichupa vilififia na muziki ukalegea kama mlevi anayeaga.

Ile ya transista haikunguruma hata kidogo. Santuri ikinyamaza, kimya chake kilikuwa kimya cha kanisani padri akiwa hajaingia. Gita lilitoka limenolewa, kila uzi unalitaja jina lake. Lakini ukiongeza sauti mpaka pale penye raha, iligeuka kali, ikakwaruza kama msumari juu ya bati.

"Hii safi," alisema Zenon, akazima. Akatembea mpaka dirishani. "Ile tamu." Akarudi. "Safi si tamu. Maji ya kuchemsha ni safi. Nani anayacheza?"

Bertilla alikuwa akipepeta malezi. "Chagua basi ile tamu."

"Nani kasema nimechagua?"

Mwinjuma akipita asubuhi humsikia tangu barabarani, santuri ileile, ubeti uleule wa wimbo. Husimama dirishani, koti lake limefungwa mpaka shingoni kwa ule upepo wa Julai unaotoka kwenye tambarare bila kubisha hodi. "Fundi! Mke ulimchagua kwa siku ngapi?"

"Mke alinichagua yeye, Mzee Mwinjuma."

"Basi mwachie achague na hii."

Zenon alicheka, lakini neno lile lilimkaa. Vipi kama Bertilla angeipenda ile ya valvu? Angeipenda yeye mwenyewe, kwa masikio yake, bila kulazimishwa? Mtu haachi kitu alichokipenda. Angesema, "Zenon, tukae." Naye Zenon angejifanya anafikiri.

Hapo ndipo alipoanza kumwona mkewe akibadilika. Au ndivyo alivyodhani. Jumanne alirudi kula mchana akaikuta ile ya valvu imewaka, vichupa vyekundu. Bertilla alikuwa karibu yake, ameinyoshea mikono. "Umewasha?" "Nimewasha." Hakusema zaidi, na Zenon hakuuliza, asije akaharibu. Jumatano jirani yao Kulsumu, dada yake Mwinjuma, alimsimamisha uani.

"Shemeji, mkeo kapatwa na nini? Tangu asubuhi naona mwanga mwekundu dirishani. Hata kisimani kanituma nimchotee ndoo, eti hawezi kuiacha mashine peke yake."

"Hawezi kuiacha?"

"Kasema hivyo hivyo. Anaishika shika kama mtoto mwenye homa."

Zenon alirudi karakana akiruka mitaro. Siku ile randa ilikwenda yenyewe, maranda yakitoka marefu kama utepe. Moyoni alikuwa amekwishachagua. Valvu! Alikwishaona pa kuiweka, juu ya meza ya mninga atakayoichonga, yenye miguu ya kupinda. Alikwishaona ofisi zote za mkoa zikimpigia magoti. Na mama mkwe? Atapata vibarua wa kumjengea. Watu wapo.

Alhamisi hakuweza kukaa kazini. Kabla ya saa sita akaweka msumeno chini akaenda nyumbani, amebeba santuri mpya ya dansi aliyoiazima kwa mpangaji mwenzake, aisikilize na mkewe kwa mara ya kwanza. Alipofika mlangoni hakusikia muziki. Akasukuma.

Mashine ilikuwa imewaka. Santuri hakuna, hata waya wa spika ulikuwa umechomolewa na kukunjwa vizuri pembeni. Juu ya mfuniko wa mashine, wenye vitundu vya kupumulia joto, palikuwa na sinia, na juu ya sinia gunia limekunjwa, limelowa, linatoa mvuke. Bertilla amepiga magoti, amelifunua upande mmoja, anatazama ndani na uso unamng'aa.

"Zenon! Njoo uone. Yameota yote. Kwa baridi hii, yameota yote!"

Zenon akatazama. Ndani ya gunia malezi yalikuwa yametoa vimizizi vyeupe, vyembamba, yameshikana kama nywele za mtoto mchanga. Kimea. Kimea cha kupikia pombe. Na hakuna Mfipa asiyejua kwamba nyumba haisimami kwa maneno: ukitaka watu wakuchanganyie udongo na kukunyanyulia kuta, upike kimpumu, uwaite, wanywe wakijenga. Wakati wa joto malezi huota yenyewe. Julai hukaa tu ndani ya gunia, yakaoza yakisubiri.

"Ulikuwa unaotesha kimea," alisema Zenon.

"Ina joto zuri, mwenzangu we! Si kali, si dogo. Mama akiona..."

"Kulsumu kasema huwezi kuiacha."

"Niiache vipi? Likizidi joto yanaungua. Jioni kabla hujarudi naliondoa, nalilaza karibu na jiko."

"Na muziki?"

Bertilla akamtazama, sasa ndiyo kwanza anauona uso wake. "Muziki gani?"

Mwanaume huweza kustahimili kukataliwa. Kuchekwa pia, akijikaza. Lakini kugundua kwamba furaha yote uliyotembea nayo mjini uliishona mwenyewe kwa uzi wako mwenyewe, hilo Zenon hakuliweza. Damu ilimpanda. "Mashine ya watu! Umeifanya jiko!" Akalidaka gunia.

"Zenon, sinia! Usivute, kuna maji kwenye..."

Akavuta. Sinia likainama, na maji yote yaliyokuwa yamechuruzika ndani yake, ambayo Bertilla alikuwa akiyamwaga kwa uangalifu kila mara, yakaingia kwenye vitundu. Paa! Kioo kikapasuka. Moshi mwembamba ukatoka, harufu ya vumbi lililoungua ikajaa chumbani, wekundu ukafa.

Gunia lilikuwa bado mikononi mwake. Bertilla alilichukua polepole, akalikumbatia lisije likamwagika.

"Sasa hata hiyo umenivunjia," alisema Zenon.

"Nani kavuta?"

Zenon akachomoa waya ukutani.

"Zenon, mimi sikukuuliza habari ya mashine. Nilikuuliza kama tunakwenda kwa mama. Ukanijibu valvu, ukanijibu transista. Kesho mimi napanda lori."

Ijumaa baada ya sala Mwinjuma alikuja na kanzu yake nyeupe chini ya koti. Akafungua mfuniko, akachungulia, akatoa kipande cha kioo kwa vidole viwili. Zenon alimweleza yaliyotokea, akijitahidi kuisema sehemu yake haraka haraka.

"Pombe," Mwinjuma alitikisa kichwa. "Hata haijapikwa imeshavunja vitu. Haya, fundi. Ulichokivunja umekichagua. Hii ni yako. Kioo chake nitakuagizia Ndola, ng'ambo ya mpaka, kitakuja na lori."

"Lini?"

"Mwezi ujao. Au wa pili. Ukisema kabla ya mvua kwisha, hutakosea."

"Mzee wangu, nipe ile ya transista. Hii iliyovunjika nitakulipa kwa kazi."

"Kazi gani nawe unakwenda Mwimbi?"

"Nani kasema nakwenda?"

"Ala! Kama huendi, ya betri ya nini?"

Mwinjuma hakusubiri jibu. Aliibeba ile ya transista kwapani, nyepesi kama Biblia, akatoka nayo.

Lori lilikuwa mbele ya duka, limepakia chumvi na mabati. Bertilla alikuwa juu tayari, shuka limemzunguka mpaka puani, mizigo yake pembeni. Mizigo ya mtu mmoja. Uledi, dereva, alikuwa akimwaga maji kwenye rejeta na kutukana baridi. Zenon alisimama upande wa pili wa barabara. Alisema moyoni: akinitazama, nitakwenda. Bertilla hakumtazama. Akasema: basi akiniita. Hakumwita. Injini ikakohoa, ikashika. Zenon akaitazama karakana yake, na mbao mpya za ofisi ya mkoa zilizolazwa nje, nzuri, kavu, zilizonyooka; akaona wivu kwa yeyote atakayezipasua. Kisha akajikuta anakimbia, lakini si kuelekea lorini, ila karakanani. Randa, patasi, misumeno, vyote akavitupia kwenye sanduku bila mpango, yeye ambaye hajawahi kulaza patasi bila kuifunga kitambaa.

"We Uledi! Uledi, simama!"

"Sisimami, fundi! Nikisimama haiwaki tena! Ruka!"

Sanduku likatangulia, likatua juu ya chumvi kwa kishindo. Akafuata mwenyewe, tumbo kwanza, miguu ikipiga hewani, huku watu wa dukani wakishangilia kama kwenye mpira. Bertilla alimshika mkanda akamvuta ndani.

Nyumba za mwisho zilipita, yakaja mashamba yaliyovunwa, na upepo ukawa hauna wa kuuzuia. Zenon akajikunyata nyuma ya sanduku lake. Hakuwa na mashine, hakuwa na santuri, na karibu afumbue mdomo aseme anashuka.

"Huko kijijini," akasema badala yake, "yuko seremala?"

"Yuko. Gaudensi."

"Anatengeneza nini?"

"Milango. Kila nyumba mpya mlango wake ni wa Gaudensi."

"Milango yake ikoje?"

Bertilla alifikiri. "Inafunga. Ukiinyanyua kidogo kwa goti."

"Kwa goti?" Zenon aliketi wima. "Mlango unafungwa kwa goti? Bawaba kaziweka wapi huyo mtu?"

"Mimi nitajuaje?"

"Hebu eleza vizuri. Unakwama chini au juu?"

Lori lilikuwa limeshika mteremko, na Zenon alikuwa bado anauliza.